Jinsi ya kuchimba historia ya skwadroni ya ndege za kivita bila kupigwa fiksi: mfano wa namba 80, ile iliyompokea kijana wa Shell wa Dar

Wapenzi wa stori za vita vya pili vya dunia tuko wengi, ndege, marubani, nani alitungua ngapi, ila mwambie mtu haya kaa chini uandike historia ya skwadroni moja tu mwanzo mpaka mwisho, anaingia Wikipedia, anakopi aya tatu, kwisha habari. Mimi mwenyewe nilianzia huko huko sijifichi. Nimehangaika na hii kitu kama miaka miwili sasa, usiku usiku wakati bando liko chee, na nimepata njia yangu ambayo si ya kisomi sana ila inafanya kazi, na inafanya kazi kwa skwadroni yoyote ile ya Waingereza.

Nitatumia mfano wa skwadroni namba 80 ya RAF, jeshi la anga la Uingereza. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ya Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. Jamaa alikuja Dar es Salaam 1938 kufanya kazi Shell, vita inaanza Septemba 1939 yuko hapa hapa mjini, wakampa cheo na askari wa keya akasaidie kuwakusanya Wajerumani waliokuwa wanaishi Dar, halafu Novemba akawasha gari akaenda Nairobi, karibu kilomita 970, kujiunga na RAF. Nairobi wakamfundisha kwenye Tiger Moth, na jamaa alikuwa mrefu karibu mita 2 kwa hiyo kichwa kinachomoza juu ya kioo anakula upepo tu, ila baada ya masaa 7 na dakika 40 za mafunzo akaruka peke yake. Kwa hesabu yake mwenyewe walikuwa vijana 16 kwenye lile kundi na 13 walikufa vitani. Akatoka Nairobi akaenda Habbaniya kule Iraki kumalizia mafunzo, na skwadroni aliyopangiwa ndiyo hii namba 80.

Sasa tuanze kazi.

Kitu cha kwanza kabisa tengeneza mifupa. Karatasi moja tu, daftari la shule linatosha, andika ilianzishwa lini, wapi, ikapewa ndege gani, ikahamia wapi, ikavunjwa lini. Ya namba 80 inakaa hivi: imeanzishwa Agosti 1917 Thetford kule Norfolk, Januari 1918 ikaenda Ufaransa na ndege za Sopwith Camel, vita ikaisha, ikapelekwa Misri, Februari 1920 ikamezwa na skwadroni namba 56. Hapo imekufa. Miaka 17 haipo. Machi 1937 ikafufuliwa Kenley, Uingereza, na ndege za Gauntlet, zikaja Gladiator, 1938 ikapelekwa Misri tena. Halafu vita yenyewe: jangwa la Misri na Libya, Ugiriki, Shamu (Syria), jangwani tena, Italia, 1944 ikarudi Uingereza, Agosti mwaka huo ikapewa Tempest na kuvuka kwenda Uholanzi na Ujerumani. Baada ya vita ikaenda Hong Kong 1949, ikavunjwa 1955, ikafufuliwa mwaka huo huo kama kikosi cha Canberra za kupiga picha, na 1969 ikazikwa moja kwa moja.

Umeona kwamba hiyo si skwadroni moja kwa maana ya watu? Namba ni moja ila rubani wa Tempest wa 1945 na rubani wa Gladiator wa 1940 wangekutana mtaani wasingejuana. Hili kosa naliona sana, mtu anaandika "skwadroni hii iliyopigana toka 1917" utadhani ni timu ya mpira yenye wazee wa klabu. Kinachounganisha ni namba, nembo na kumbukumbu basi. Nembo ya namba 80 ni kengele, na ukishajua mkuu wao wa vita ya kwanza alikuwa Meja Bell unacheka mwenyewe maana bell kwa kiingereza ndiyo hiyo kengele.

Kabla hujaenda mbali, mtego wa namba. Namba 80 ziko nyingi. Kuna skwadroni namba 80 ya Australia, hao walirusha Kittyhawk huko Pasifiki, hawahusiani kabisa. Kuna na 80 Wing ya RAF hao hao (wing ni kikosi kikubwa kuliko skwadroni), ambao kazi yao ilikuwa kuvuruga mawimbi ya redio ya Wajerumani. Mimi nilishusha faili nikakaa nalo jioni nzima nashangaa mbona hawa watu hawarushi ndege, wanaongelea redio tu, masafa, mitambo, nikasema labda marubani walikuwa mapumziko... kumbe nimeshusha la Wing! Hela imeenda, bando limeenda. Soma jina lote la faili kabla hujabonyeza, na bei iangalie hapo hapo.

Mifupa ikishakaa usirukie kuandika kila mwaka. Chagua siku moja na mtu mmoja. Ukijaribu kumeza skwadroni nzima utachoka mwezi wa kwanza, ila siku moja ukiifungua vizuri inakuvuta kwenda kwenye vitu vingine vyote, ndege, uwanja, mkuu wa kikosi, hali ya vita. Mimi nilichukua tarehe 19 Septemba 1940, siku Dahl alipoanguka.

Na hapa ndipo unapokutana na kitabu cha kikosi. Kila skwadroni ya RAF ilikuwa na kitabu cha shughuli za kila siku, vimehifadhiwa Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, London, kwenye kundi la AIR 27, na vingi unaweza kuvipata kwa intaneti bila kupanda ndege. Kina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari, anaandika ofisa mmoja, leo mvua, leo amekuja mgeni, leo fulani hajarudi. Fomu 541 ndiyo tamu, imepigwa mistari: tarehe, aina ya ndege na namba yake, rubani, kazi aliyotumwa, saa ya kuruka, saa ya kutua, maelezo. Saa ya kutua ikiwa tupu moyo unapiga paa, unasoma maelezo haraka haraka. Utakutana na vifupisho, "e/a" ni ndege ya adui, "u/s" wasomaji wapya wanadhani ni Marekani, hapana, ni kitu kibovu hakifai kutumika, kwa hiyo "aircraft u/s" maana yake ndege mbovu iko kwa fundi.

Zaidi ya hicho kuna kundi la AIR 50 ambalo ni ripoti za mapambano, rubani akishuka anaandika mwenyewe alichofanya huko juu. Hazipo zote ila zilizopo ni dhahabu.

Haya, 19 Septemba 1940. Kitabu cha kikosi kinasemaje? Kinasema Dahl alikuwa analeta ndege kutoka kikosi cha matengenezo kuja skwadroni, hakuzoea kuruka juu ya jangwa, akalazimika kutua kama kilomita 3 magharibi ya Mersa Matruh, kutua kukashindikana, ndege ikawaka moto, rubani akapelekwa kwa madaktari wa jeshi. Mistari michache, imekauka, na ukiisoma vizuri inamrushia lawama kijana mgeni.

Sasa 1942 makala yake mwenyewe ikatoka kwenye jarida la Marekani na kichwa cha habari kinasema alitunguliwa juu ya Libya. Kutunguliwa! Libya! Hakutunguliwa na haikuwa Libya, Mersa Matruh iko Misri. Ila 1942 Wamarekani ndio kwanza wameingia vitani na wanataka stori za mashujaa, unategemea nini.

Halafu miaka mingi baadaye, mzee sasa, akaandika kumbukumbu zake, na hapo anasema hakutunguliwa, ila walimpa mahali pabaya kwenye ramani. Aliambiwa uwanja uko sehemu fulani kama kilomita 48 kusini ya Mersa Matruh, akazunguka haoni kitu, mafuta yanaisha, giza linaingia, akajaribu kutua jangwani, magurudumu yakagonga jiwe kubwa. Fuvu likapasuka, pua ikabondeka, akawa kipofu kwa muda. Na anasema sehemu aliyoelekezwa ilikuwa kati ya majeshi ya Uingereza na ya Italia.

Unaona sasa? Tukio moja, maelezo matatu, na mawili katoa mtu yule yule. Hapa watu wengi wanachagua lile linalowafurahisha. Usichague. Yaandike yote matatu upande kwa upande kwenye karatasi, halafu kwa kila moja jiulize aliandika nani, lini, na alikuwa anamwandikia nani. Kitabu kimeandikwa na ofisa wa kikosi ambaye hana hamu ya kusema "sisi ndio tulikosea kumwelekeza". Jarida linataka shujaa. Mzee anataka kujisafisha kidogo.

Baada ya hapo chukua ramani, na hii hatua hakuna anayeipenda ila ndiyo inaamua kesi. Waitaliano walivuka mpaka wa Libya na Misri 13 Septemba na wakasimama Sidi Barrani tarehe 16, yaani siku tatu kabla ya ajali. Toka Sidi Barrani mpaka Mersa Matruh ni zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo kama ameanguka kilomita 3 toka Matruh basi adui alikuwa mbali sana, ile picha ya kuanguka katikati ya majeshi mawili yanatazamana inapungua nguvu. Lakini pia wiki ile viwanja vilikuwa vinahamishwa kila mara maana adui anasogea, so kijana kupewa maelekezo mabovu inaingia akilini kabisa. Mimi namwamini kwenye maelekezo, kwenye adui namwamini nusu.

Twende Ugiriki maana hapo kuna somo lingine. Italia iliivamia Ugiriki 28 Oktoba 1940, namba 80 ikapelekwa huko Novemba na Gladiator zake, ndege za mabawa mawili zenye bunduki nne, spidi haizidi sana kilomita 400 kwa saa. Nyota wao alikuwa Pat Pattle, kijana wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Butterworth 1914, jeshi la anga la kwao lilimkataa akaenda kujiunga na Waingereza. Swali ambalo kila mtu anakuuliza ukisema unaandika juu yake: alitungua ngapi? Utaona 40, utaona 50 na ushee, kila mtu ana yake. Sababu iko wazi, Wajerumani walipoingia Ugiriki Aprili 1941 Waingereza wakaondoka mbio mbio na karatasi nyingi za vikosi vilivyokuwa kule zikapotea au kuteketezwa, na kurasa nyingine zikaja kuandikwa baadaye kwa kukumbuka.

Kwa hiyo jifunze kuitambua kurasa ya kukumbuka. Siku kadhaa zimeandikwa kwa mkupuo mmoja, saa za kuruka hakuna, namba za ndege hakuna, maneno ya jumla jumla tu, "tulipambana vikali". Ukikuta hivyo usiitupe ila pembeni yake weka alama. Mimi naweka K ya kukumbuka kwa kalamu nyekundu.

Na hesabu za kutungua, jamani. Februari 28, 1941 skwadroni za RAF kule Ugiriki, namba 80 ikiwemo, kwa pamoja zilidai ndege 27 za Italia siku moja. Ukifungua kumbukumbu za Italia hasara ni ndogo mno kuliko hiyo. Je walidanganya? Hapana, au tuseme si lazima. Uko juu, unageuka, unaona moshi, umefyatua wewe na mwenzako kamfyatulia huyo huyo, kila mtu anarudi na yake, moja inakuwa mbili. Na ndege inayotoa moshi inaweza kufika kwao salama. Waitaliano na Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo. Ndiyo maana ukiandika tumia "walidai" mpaka uwe umeona na upande wa pili, ukishaona ndiyo unaandika "walitungua". Neno dogo tu ila wanaojua watakuheshimu.

Siku nyingine nzuri ya kufanyia mazoezi ni 20 Aprili 1941 juu ya Athens. Wakati huo kikosi kilishapewa Hurricane, bunduki nane, na Dahl amerudi. Alitoka hospitali Februari, akaletwa Ugiriki na Hurricane baada ya masaa 7 tu ya kuizoea! Pattle kwa sasa ni mkuu wa namba 33 na ana homa kali. Hurricane zilizoruka kwenye pambano la jioni ni ngapi? Dahl anasema 12, wengine wanasema 15. Tano zikaanguka, marubani wanne wakafa, Pattle mmoja wao, ndege yake ikaingia baharini kwenye ghuba ya Eleusis. Wagiriki waliokuwa chini wanatazama walihesabu ndege 22 za Wajerumani zilizoanguka, kumbukumbu za Wajerumani zinatoa pungufu ya hapo. Hapo una kazi ya wiki nzima na ni masaa machache tu ya vita.

Picha nazo. Ukipata picha ya ndege usiamini maelezo yaliyoandikwa chini, angalia herufi ubavuni. Gladiator za namba 80 zilikuwa na YK, Tempest zao zilikuwa na W2. Kwa hiyo ukiona picha imeandikwa "Ugiriki 1941" halafu ubavuni W2, mwenye picha kachanganya. Herufi ya tatu upande wa pili wa duara (ile alama ya RAF ubavuni) ni ya ndege yenyewe, na hiyo ilihamishwa, ndege ikifa herufi inapewa nyingine, so usiseme ni ndege ile ile kwa sababu ya herufi. Cha kuaminika ni ile namba ndogo karibu na mkia, herufi moja au mbili na tarakimu. Hiyo ndiyo kama namba ya chesisi. Ukiwa nayo unaweza kufuatilia kadi ya ndege na kadi za ajali ambazo ziko makumbusho ya RAF pale Hendon.

Kitu kinachoniudhi kwenye vitabu vya vikosi ni mafundi. Rubani anaandikwa jina, cheo, saa, yote. Fundi aliyelala chini ya injini usiku kucha na mchanga umejaa machoni, hayupo. Na mafundi ni wengi kuliko marubani mara nyingi. Wakati mwingine anatajwa akifa kwa bomu uwanjani au akipata medali. Medali unazipata kwenye gazeti la serikali yao, London Gazette, liko kwenye intaneti bure, tafuta kwa jina la ukoo na mwaka. Mimi kila nikikuta jina la fundi nalikopi kwenye ukurasa wake pekee, mpaka sasa hazijajaa kurasa mbili.

Sasa wakati wa kuandika kwa Kiswahili, mambo mawili yanakwamisha watu. Saa: kitabu kinasema 1730, wewe andika saa kumi na moja na nusu jioni, usije ukaandika saa kumi na saba msomaji akabaki anahesabu vidole, na angalia kama kikosi kilitumia saa za Greenwich au za pale pale maana pambano la jioni linaweza kugeuka la mchana. Vyeo: vya RAF vinachanganya, Squadron Leader ni cheo sawa na meja, si lazima awe ndiye anaongoza skwadroni siku hiyo. Flight Lieutenant ni kapteni, Flying Officer ni luteni, Pilot Officer ni luteni usu hata kama ameruka miaka. Chagua mfumo mmoja, weka maelezo mwanzoni, usibadilishe katikati.

Usianze na 1917. Anza na ile siku yako uliyoifungua, jangwa, mafuta yanaisha, halafu ndiyo urudi nyuma ueleze hii skwadroni ilifikaje Misri. Na usiishie mtu wako anapoondoka. Dahl baada ya Ugiriki alirusha kidogo kule Shamu dhidi ya Wafaransa wa Vichy (wale walioshirikiana na Wajerumani), maumivu ya kichwa yakamzidi wakamrudisha nyumbani, 1941 hiyo hiyo. Skwadroni ikaendelea miaka minne mingine bila yeye na hiyo sehemu watu hawaandiki kabisa, Tempest na vita ya Uholanzi iko wazi kabisa inasubiri mtu mwenye bando.

Mwisho tafuta waliokufa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha yake kwenye intaneti, bure, unaweka jina la ukoo na mwaka inakuletea makaburi na ukuta ulioandikwa jina. Kumbuka tu kwamba asiyepatikana mwili haandikwi pale alipoangukia. Pattle nilimtafuta Phaleron, makaburi ya vita ya Athens, nikamkosa, nikadhani nimekosea herufi za jina. Kumbe marubani wa eneo hilo wasio na kaburi waliandikwa Misri. Alianguka bahari ya Ugiriki, jina lake liko ukutani El Alamein.